Ukaguzi wa Vyakula: Sumukuvu Huweza Kuanza Ghalani

Mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi ilisababisha vifo vya watu wapatao 20 katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo hutokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga, hasa zenye unyevu, wala haiishi kwa kupikwa. Ndiyo maana Afisa Afya akaguapo duka au mashine ya kusaga huangalia iwapo magunia yamewekwa juu ya chaga, mbali na ukuta, na iwapo paa linavuja. Mahindi yakishasagwa, jicho halitambui tena punje mbovu. Hivyo, mwananchi wa Issuna achambue nafaka kabla ya kusaga, na akikuta ukungu dukani atoe taarifa kwa Afisa Afya wa Kata.