Mkono Unaojifunza kwa Jicho



Ukipita sokoni Dzaleka, au kwenye karakana za Kanengo, utamkuta fundi kazini na pembeni yake vijana wawili watatu wakimtazama. Cherehani ni moja, zamu ni fupi. Wengi wetu tumeshakaa kwenye benchi hilo na kuambiwa tunapoteza muda. Je, ni kweli?

Mwaka 1992 Giacomo Rizzolatti na wenzake huko Parma, Italia, walieleza seli za ubongo wa tumbili zinazofanya kazi tumbili anaposhika kitu, na pia anapomwona mtu akikishika. Mwaka 1995 ikaja zamu ya binadamu. Sehemu ya ubongo inayoendesha mkono ilisisimuliwa kwa sumaku, na misuli ya mtazamaji ikashtuka zaidi alipokuwa akimwona mwenzake anashika kitu. Mkono umetulia, ubongo umeshajiandaa.

Lakini je, hilo linafundisha? Mwaka 2005, nchini Kanada, Andrew Mattar na Paul Gribble waliwaonyesha watu video ya mtu anayejifunza kusogeza mkono wa roboti, huku roboti ikimvuta pembeni. Waliotazama, walipoishika wenyewe, waliwashinda wasiotazama. Walioonyeshwa mvuto wa upande wa pili walifanya vibaya zaidi! Kupiga hesabu kichwani wakati wa kutazama hakukuwaharibia. Kuuchezesha mkono kwa kazi nyingine kuliwaharibia. Kwa hiyo, ukiwa kwenye benchi, nadhani simu ikae mfukoni.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Malik bin al-Huwayrith (r.a.) na vijana wenzake walikaa kwa Mtume (s.a.w.) takriban siku 20, wakarudi kwao na agizo la kuswali kama walivyomwona akiswali. Imepokewa pia kwamba aliwahi kuswali juu ya mimbari ili watu wamwone.

Kuna mpaka, hata hivyo. Huko London, mwaka huohuo wa 2005, ilionekana kwamba ubongo wa mcheza baleti huitikia zaidi miondoko ya baleti kuliko ya capoeira, na wa mcheza capoeira kinyume chake. Jicho hunufaika zaidi na kile ambacho mwili umeshakionja. Basi mwombe fundi dakika tano za kukanyaga cherehani kwenye kitambaa chakavu kabla hujakaa kutazama, na tano nyingine kabla hajafunga.