Vibarua vya Msimu Kando ya Ziwa: Niliyojifunza Kisumu Nikiwa Mgeni

Nilivuka mpaka wa Sirari nikiwa na mikono iliyozoea dagaa tangu utotoni Musoma, na bila jina hata moja la mtu wa upande wa pili. Tangu hapo nimelala Kisumu, Sori, Mbita na Luanda Kotieno, nikifuata kazi inakokwenda. Siku hizi wadogo zangu wa nyumbani hunipigia simu kuuliza waanzie wapi. Haya ndiyo ninayowaambia.

1. Uliza mwezi kabla ya kuuliza kazi

Omena, yaani dagaa wetu, huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, samaki hawakusanyiki chini yake, na mashua hulala ufukoni siku kadhaa. Mgeni huja giza likiwa limekolea, anaona mashua zinaingia alfajiri zimejaa, anadhani amefika penye neema. Wakati huo kila tajiri mwenye mashua ana watu wake na hana nafasi ya kumsikiliza mtu. Siku za mbalamwezi ndizo za kutafuta kazi. Watu wako nchi kavu wanashona nyavu, wanalipana, wanagombana, na kila anayebeba virago vyake anaacha pengo.

Mwaka nao una siku zake za kulala. Kenya hufunga uvuvi wa omena kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane. Mwezi Mei ufuko wa omena ni wa mafundi mashua na mbuzi. Njoo Julai, saidia kushona nyavu hata kwa ujira mdogo, uonekane. Atakayefika Agosti msimu umeshafunguliwa atakuta majina yameandikwa.

2. Mtafute mama mmoja

Hakuna tangazo la kazi ufukoni. Kuna watu wanaojuana, na wewe hujulikani. Nilipofika mara ya kwanza niliwaamkia wazee "shikamoo". Vijana wakacheka, wazee wakafurahi, na habari ikazunguka kwamba kuna Mtanzania mwenye adabu. Adabu hiyo ilinisaidia siku mbili tatu tu. Kilichonifungulia njia ni kujifunza "oyawore" ya asubuhi, "oimore" ya jioni, "erokamano" ya kushukuru, na "adi?" ya kuulizia bei. Wajaluo wa kwetu Rorya wakija huku hawana shida hiyo, ila wengine sote tunapaswa kuinama kidogo.

Mama aliyenipokea alikuwa na mashua mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Nyathina, unajua omena, ama unaijua kwa sahani tu?"

"Nimekua nayo, mama. Kuanika, kugeuza, kupakia."

"Sawa. Kesho saa kumi na mbili kuja, tuone."

Kuanzia siku hiyo, nikiulizwa mimi ni wa nani, nilikuwa na jibu. Ufukoni swali hilo huulizwa kabla ya kuulizwa unajua kazi gani, na wala si ubaya. Mtu akipotea na mzigo, wanataka kujua pa kubisha hodi.

3. Patana juu ya mvua

Hili ndilo ningelirefusha kuliko yote, maana hapa ndipo jasho la watu wengi hupotelea.

Kuanika kunaonekana kazi nyepesi. Omena ikishuka inamwagwa juu ya nyavu chakavu zilizotandazwa kwenye nyasi, na wenye uwezo hutumia chanja zilizoinuliwa. Unaitawanya kwa viganja, nyembamba, pasiwe na samaki juu ya samaki. Jua likipanda unaigeuza, huku ukifukuza kuku na korongo. Jua kali likiwaka kutwa, jioni inalia kavu ukiishika. Unaipepeta mchanga, unaijaza gunia. Inapimwa kwa gorogoro au debe, na lori la Nairobi halisubiri.

Sasa wingu jeusi litokee upande wa ziwa saa nane mchana. Una dakika chache za kukunja nyavu na kufunika kwa turubai, na kama mko wawili kwa mzigo wa mashua nzima, nusu italowa. Omena iliyolowa hugeuka rangi, hunuka, na mnunuzi wa chakula cha watu haigusi. Inabaki ya viwanda vya chakula cha kuku, kwa bei ya kusikitisha. Swali ni moja: hasara hiyo ni ya nani?

Tajiri mmoja, nisiyemtaja, aliniambia baada ya mvua kwamba malipo yangu yalikuwa ndani ya ule mzigo ulioharibika. Siku nzima ikaenda bure. Tangu hapo sikubali "tutaona jioni". Nalipwa kwa karai nililoanika, likauke au lilowe. Au nakubali kulipwa kwa fungu la mauzo, na fungu hilo liwe kubwa kwa sababu nimebeba hatari pamoja nawe. Yote mawili ni halali. Tajiri anayetaka kunilipa fungu dogo na bado nibebe mvua namuaga kwa heshima.

Wanaume wanaoingia majini nao waulize mapema: mafuta na chaji ya betri za taa vinakatwa kabla au baada ya kugawana? Taa ikizama inalipwa na nani?

4. Jaboya

Nitasema waziwazi kwa sababu dada zangu hawaambiwi. Kuna wavuvi ambao hawakupi samaki kwa pesa tu, wanataka na mwili. Desturi hiyo inaitwa jaboya, na kaunti hizi za ziwani, Homa Bay, Siaya na Kisumu, ndizo zenye maambukizi ya virusi vya Ukimwi yaliyo juu zaidi nchini Kenya. Samaki wakiwa haba ndipo shinikizo linapozidi. Mwanamke mgeni, asiye na mtaji wala ndugu, huonekana kutoka mbali.

Ili kuikwepa jaboya, kina mama wa Nduru, upande wa ghuba, waliunda kikundi wakapata mashua zao wenyewe, wakawa wao ndio wanaoajiri wavuvi. Mafuriko ya 2020, ziwa lilipopanda, yakawahamisha kwao. Mimi sikuwa na mashua, ila niliazimia kufanya kazi kwa mwanamke mwenye mashua, na kununua mzigo tukiwa kundi, kwa pesa taslimu, mchana.

5. Chumba ni kigumu kuliko kazi

Msimu ukifunguka, chumba cha mabati Mbita hupanda bei. Lipa kodi Julai.

6. Uwe na pa kukimbilia

Upepo ukileta gugumaji ghubani, mashua hazitoki hata kama giza ni totoro. Wakati huo mimi hurudi Kisumu mjini. Obunga wanawake hukaanga mgongo wazi, mifupa ya mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo, na daima kuna anayehitaji mtu wa kuchochea moto. Ahero kuna mpunga, kupandikiza, kuvuna na kufukuza ndege, ila pampu za mto Nyando zikizimwa hakuna wa kukuita.

Desemba ni Dunga, ufuko wa Kisumu. Watu wa Nairobi hushuka kwa mabasi, kwa magari yao, na kwa treni iliyorejea Desemba 2021, na kila mmoja anataka ngege mzima na ugali kando ya maji. Vibanda vya samaki huongeza watu wa kupara, kukaanga na kuosha sahani. Nenda ukaulize Novemba, tena asubuhi, kabla moshi haujaanza.

7. Muhuri wa mpakani

Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza tarehe 1 Julai 2010, na wengi wetu tunadhani basi yamekwisha. Muhuri wa mgeni unakuruhusu kukaa, haukuruhusu kuajiriwa. Beba pasipoti au hati ya dharura, hesabu siku zako, na ufikapo ufukoni pita ofisi ya BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuko, ujitambulishe na mwenyeji wako akiwa kando yako. Ukienda peke yako watakuuliza maswali hadi saa sita. Ukienda na mama mwenye miwani ya uzi, watakuuliza jina tu.