Mzunguko wa Hedhi: Homoni za Ovari na Utando wa Uterasi

Swali la mada hii hupenda kuja na grafu: mistari ya homoni juu, unene wa utando wa uterasi chini. Usikimbilie kukariri siku. Jiulize kwanza ni homoni gani inapanda, na inaufanyia nini utando huo.

Siku ya 1 ni siku damu inapoanza kutoka. Wakati huo estrojeni na projesteroni zote ziko chini. Tezi ya pituitari hutoa homoni ya FSH, ambayo hukuza folikuli ndani ya ovari, na folikuli inayokua hutoa estrojeni. Estrojeni hujenga: utando uliobaki na unene wa milimita 1 au 2 baada ya hedhi huanza kunenepa. Estrojeni ikifika kileleni, pituitari humwaga homoni ya LH kwa wingi, folikuli hupasuka na yai hutoka.

Mabaki ya folikuli hugeuka kuwa kopasi luteamu. Watahiniwa wengi huandika kwamba projesteroni hutolewa na yai. Si yai, ni kopasi luteamu! Projesteroni huuandaa utando uliokwisha kujengwa: tezi zake hutoa virutubisho, mishipa ya damu hurefuka na kujisokota. Ukipenda mfano wa shamba, estrojeni inalima, projesteroni inatia mbolea.

Yai lisiporutubishwa, kopasi luteamu husinyaa na homoni zote mbili hushuka. Mishipa inayolisha utando hubana, seli hukosa oksijeni, utando hubomoka na kutoka pamoja na damu. Ukiulizwa chanzo cha hedhi, andika kushuka kwa projesteroni na estrojeni. Mimba ikitunga, kiinitete hutoa homoni ya hCG inayoidumisha kopasi luteamu, ndiyo maana hedhi hukoma. Kipimo cha mimba cha mkojo hutafuta homoni hiyohiyo.

Sasa jibu hili: mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka siku ya ngapi?

Ukiandika 14, umekosa. Kopasi luteamu huishi takribani siku 14, kwa hiyo kipindi kisichobadilika sana ni kile cha baada ya yai kutoka. Toa 14 kwenye urefu wa mzunguko: 35 − 14 = 21. Katika mzunguko wa siku 24, yai hutoka karibu siku ya 10.

Hesabu hii ina uzito nje ya chumba cha mtihani pia, maana wapo wanaodanganyana kuhusu "siku salama", na mizunguko ya wasichana wa umri wenu mara nyingi hubadilika mwezi hadi mwezi. Mbegu za kiume zinaweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke. Kwa mwenye mzunguko wa siku 24, mbegu zilizoingia siku ya 6, pengine damu imekatika jana tu, zinaweza kulisubiri yai la siku ya 10 na kulirutubisha.