Shikamoo, Mdoli

Wadogo zangu, meseji zilizojaa kwenye simu yangu safari hii ni za mama wenye watoto wa miaka miwili na kitu, na kilio ni kimoja: mtoto nyumbani ana adabu zake, akifikishwa dukani anamwaga aibu hadharani. Mmoja kaniuliza bila kuzunguka, "Dada, nimtandike?" Weka fimbo chini kwanza, nikusimulie ya wifi yangu. Ruhusa kanipa mwenyewe, ila jina simtaji.

Tulikuwa Kariakoo kutafuta nguo za Idi. Mtaa wa Kongo siku hizo za sikukuu mnaujua: machinga wamepanga mpaka katikati ya njia, spika inalia buku tano buku tano, mikokoteni inapita kama haina habari na visigino vya watu. Kabla hatujaingia kwenye lile songombingo wifi alimwinamia mwanawe akampa maagizo. "Usitembee peke yako. Shika mkono. Na watu wazima uwasalimie, usinitie aibu." Mtoto akaitikia ndiyo, mama.

Tukasimama kwenye duka la madera. Nje wamepanga midoli, ile ya Kariakoo yenye makalio ambayo sisi wengine Mungu hakutujalia, kila mmoja umevalishwa dera. Wifi naye siku hiyo kavaa dera. Muuzaji kasema elfu ishirini na tano, wifi kasema kumi na tano, na biashara ikishafika hapo mwanamke anahitaji mikono yote miwili, mmoja wa kupapasa kitambaa na mmoja wa kukidharau. Mtoto akaachiwa.

Kwa urefu wake yeye, dunia ni pindo la dera na mkono unaoning'inia. Akaona pindo, akaona mkono, akaushika. Alipoinua macho akakuta uso asioujua, lakini ni mtu mzima. Akapiga kigoti kidogo.

"Chikamoo."

Kimya. Akarudia kwa sauti. Kimya. Akaona labda mama huyu hasikii vizuri, akamvuta. Mkono ukachomoka begani, mzima mzima, na bangili zake.

Hakulia, na mkono hakuuachia, kaambiwa asiuachie. Akasogea nao mpaka kwa mdoli wa pili, ule usio na kichwa, akasimama anatafuta juu pa kupelekea salamu. Akageuka kutuuliza sote tuliokuwepo: "Kichwa kiko wapi?"

Hapo ndipo wifi alipogeuka. Alichokiona ni mwanawe na mkono wa mtu. Yowe alilopiga, nadhani abiria wa mwendokasi pale Msimbazi walilisikia. Watu wakajaa, wengine wameshatoa simu. Aliyetuokoa ni muuzaji. Alijibanza nyuma ya ule mdoli usio na kichwa, akakaza sauti ya kimama: "Marahabaa, mwanangu! Hujambo?" Mtoto akajibu sijambo, akamkabidhi mkono wake, yakaisha. Dera tulilipata kwa kumi na tano, maana muuzaji alikuwa kajishika mbavu, nguvu za kubishana hana.

Njiani wifi kanuna. "Unaona anavyonidhalilisha?" Nikamwuliza, kwani kafanya nini? Kaambiwa ashike mkono, kashika. Kaambiwa asalimie watu wazima, kasalimia mpaka wasiokuwa na vichwa. Utii gani mwingine unaoutaka?

Na hilo ndilo jibu langu kwenu nyote. Vituko vingi vya madukani ni maagizo yetu wenyewe, yametekelezwa na mtu ambaye hajui tunachokusudia, anajua tulichosema. Kwa hiyo sema kitu kizima. Usimwambie "shika mkono," mwambie "shika dera langu hili la njano," na umwekee pindo lenyewe mkononi. Ukimwambia "usiguse," umemwachia mikono isiyo na kazi katikati ya vitu elfu. Mpe kazi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 wote tunatembea na vikapu. Mnunulie kake kadogo, abebe limao na kitunguu. Ataringa nako hadi nyumbani, na limao likidondoka ni limao.

Sasa tazama hatari ya lile neno tunalolipenda: "Nyamaza, nitakuachia huyu baba!" Mtoto anayesalimia mdoli ataliamini hilo kama lilivyo. Utakuwa umemfundisha kuwaogopa wenye maduka, na siku akikupotea, mwenye duka ndiye mtu wa kwanza unayemtaka amkimbilie. Badala yake mfundishe jina lako. Watoto wengi ukiwauliza mama yako anaitwa nani watakwambia "mama." Namba ya simu iandike kwa kalamu ya wino kwenye mkono wake, ndani, au kwenye kipande cha nguo ukishone mfukoni. Na nyinyi wakubwa mliofuatana, kubalianeni mahali pa kukutana pasipohama. Muuza maji ya baridi anahama. Jengo la soko lenyewe, lile alilolichora msanifu majengo Beda Amuli miaka ya 1970 likawa na paa kama miavuli iliyopinduliwa, halihami.

Akiharibu kitu je? Omba radhi wewe, kwa mdomo wako, naye akiwa anasikia. Uliza bei, punguziwa, lipa. Usimzabe kofi ili watu waone kwamba wewe ni mama unayejua kulea. Wale watu hutawaona tena, na wengi wao wana wa kwao nyumbani waliokwishamwaga unga wa watu.

Saa nazo zina maneno yake. Mtoto aliyekula na kulala ni mtu, mwenye njaa saa saba mchana pale Kongo ni kesi. Mbeleko usiidharau kwa sababu eti kakua. Kwenye msongamano, mgongoni mwako hakuna mkokoteni wa kumkanyaga.

Na wiki ya mwisho kabla ya sikukuu usiende naye kabisa. Kuna aliyeniandikia akasema hana wa kumwachia, kisha mistari miwili chini kasema siku ya kwenda dukani mumewe alikuwa nyumbani anatazama mpira. Mdogo wangu, umeshajijibu. Mwachie baba yake. Akikuuliza mtoto atakula nini, mwambie chakula kiko jikoni, kwenye sufuria ileile anayopakuliaga chake.