Kutoka Kauntabuku hadi Kalenda ya Pamoja: Mwongozo kwa Biashara Ndogo za Bagamoyo na Mwambao

Mwongozo huu umeandikwa kwa wenye nyumba za wageni, boti, magari ya watalii na vikundi vya sanaa kuanzia Bunju hadi Saadani. Biashara nyingi za huku zina anwani moja ya barua pepe ya bure, iliyofunguliwa zamani na kijana aliyekuwa anajua kompyuta, na nywila yake imebandikwa nyuma ya kaunta. Oda zinaingia kwa barua pepe, kwa WhatsApp na kwa simu, kisha zinaandikwa kwenye kauntabuku. Mfumo huo hauna ubaya mkubwa, ila kauntabuku liko mapokezi, nahodha yuko ufukweni na dereva yuko Mwenge kwenye foleni.

Kuhamia kwenye huduma za wingu maana yake ni kwamba barua na kalenda hazikai tena ndani ya kompyuta ya mapokezi. Zinakaa kwenye seva za kampuni unayoilipia, na kila mwenye ruhusa anazifikia kwa simu yake. Google Workspace, Microsoft 365 na Zoho zote zinaifanya kazi hii. Kwa biashara ya watu sita, tofauti zake ni ndogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini, kwa hiyo chagua ile ambayo wafanyakazi wameshaizoea kwenye simu zao. Watu wa pwani tuna sababu yetu ya ziada: hewa ya chumvi haiachi kompyuta ikazeeka kwa heshima.

Anza na jina. Sajili jina la biashara lenye mwisho wa .co.tz kupitia msajili mwenye kibali, na hakikisha mmiliki anayeandikwa ni biashara, si mpwa wala fundi. Hapa ndipo watu huumia zaidi. Aliyeshika akaunti ya jina ndiye aliyeshika biashara, maana yeye ndiye anayeamua barua ziende wapi. Tarehe ya kulipia upya jina hilo iwe tukio la kwanza kabisa kuingizwa kwenye kalenda mpya.

Anwani zifuate kazi: mapokezi, hesabu, safari. Mgeni wa Hamburg aliyelala kwako miaka mitatu iliyopita ataandika tena mapokezi, na barua itafika hata kama aliyemhudumia sasa ameolewa Tanga. Kwa kuwa huduma hizi hulipiwa kwa idadi ya watumiaji, usinunue akaunti kwa kila anwani. Fungua akaunti kwa kila mtu anayefanya kazi kweli, kisha elekeza anwani za kazi kwenye akaunti hizo. Zamu mbili zisitumie nywila moja. Uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa kila mmoja, na zile namba za akiba (Google hutoa 10, kila moja ya tarakimu 8) zichapishwe na kufungiwa kwenye kabati la fedha. Simu ikianguka baharini, na huanguka, hizo ndizo zitakazokurudisha ndani.

Hama wakati wa masika, Aprili au Mei, vyumba vikiwa vitupu. Siku mbili kabla, mwambie fundi ashushe TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka maelekezo ya zamani) ya rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua, hadi sekunde 300, ili badiliko lisambae upesi. Baada ya kubadilisha, kisanduku cha zamani kiachwe wazi kwa wiki mbili walau, na kifunguliwe kila siku. Kabla ya yote hayo angalia kompyuta ya mapokezi inavyopokea barua. Ikiwa imewekwa kwa POP, huenda inazishusha na kuzifuta kwenye seva, na barua zako za miaka yote zimo ndani ya mashine hiyo moja. Zipandishe kwanza kwa IMAP kwenye akaunti mpya, hesabu folda kwa folda, ndipo uiguse mashine. Fundi asiondoke kabla hajaweka rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua, na bila rekodi hizo bei uliyomtumia mgeni inaweza kuishia kwenye barua taka bila wewe kujua.

Sasa kalenda, ambayo kwa maoni yangu ndiyo faida yenyewe. Barua pepe ni mlango tu. Usiifungue kwa majina ya watu. Fungua kalenda moja kwa kila kitu kinachokodishwa: chumba namba 4, boti, gari la Noah. Mtu anaweza kubadilishana zamu na mwenzake, lakini boti haiwezi kuwa Mbegani na mbele ya Ngome Kongwe kwa wakati mmoja. Mapokezi wapewe ruhusa ya kuandika. Dereva na nahodha waone tu. WhatsApp ibaki kwa mazungumzo, lakini oda ambayo haijaingia kwenye kalenda ihesabiwe kuwa haijakubaliwa, hata kama bosi mwenyewe ndiye aliyeiahidi.

Kisha kuna suala la saa. Nyumba moja niliyoisaidia ilipata barua ya mgeni kwamba anatua Dar es Salaam tarehe 14, 2:40 alfajiri. Mapokezi wakamtumia dereva ujumbe: “Tarehe 14, saa 2:40 usiku.” Dereva, Mswahili safi, alikuwa uwanja wa ndege tarehe 14 saa mbili na dakika arobaini usiku, bango mkononi, akiwa amechelewa kwa saa 18. Mgeni alikuwa ameshakodi teksi, amekunywa chai, ameshakwenda Kaole na kurudi. Hakuna aliyekosea kusoma. Kompyuta inahesabu saa kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza na kuzama. Zaidi ya hapo, kwa wazee wetu siku mpya huanza magharibi, ndiyo maana mtu wa Dunda akisema usiku wa Ijumaa anaweza kuwa na maana ya Alhamisi baada ya jua kuzama. Kwa hiyo weka kalenda katika mfumo wa saa 24, na kichwa cha kila tukio la usiku kiandikwe kwa namna zote mbili: “02:40, saa 8:40 usiku wa kuamkia tarehe 14.” Weka pia ukanda wa saa wa Afrika Mashariki kwenye kila akaunti. Wajerumani wako nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa kiangazi chao, na mwaliko uliotengenezwa kwenye kompyuta yenye ukanda mwingine utasogea wenyewe.

Safari za boti zisiwekwe kwa kitufe cha kurudia kila siku. Maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua hujaa karibu na saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi yametoka mbali kiasi kwamba mgeni atatembea kwenye tope akitafuta boti. Fungua kalenda ya maji peke yake, ujaze nyakati kutoka kwenye jedwali la maji la mwaka, na umpe nahodha aikague kabla ya kuitumia. Vivyo hivyo na Idd: tarehe inayokuja na simu ni ya makadirio. Zuia siku mbili, uandike “kwa muandamo wa mwezi,” maana siku hizo Dar yote huja kuogelea.

Intaneti itakatika. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu za nyaya za EASSy na SEACOM chini ya bahari ziliiacha Tanzania karibu bila mtandao, na waliokuwa na karatasi ndio waliojua nani analala wapi. Kila jioni mapokezi wachape au wanakili kwenye kauntabuku oda za siku saba zinazofuata. Ni kazi ya dakika kumi.

Mwisho, pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwa Tume inayoisimamia. Sheria hiyo inagusa pia taarifa zinazopelekwa nje ya nchi, na seva hizi nyingi ziko nje. Picha ya pasipoti isiachwe ikizeeka kwenye kisanduku cha mapokezi. Andika kinachotakiwa kwenye rejista, kisha uifute, na uiondoe pia kwenye pipa la barua zilizofutwa. Taarifa hizo pia huweza kutoka na watu: mfanyakazi akiacha kazi, akaunti yake isitishwe siku hiyohiyo kabla hajakabidhi funguo, barua zake zihamishiwe kwa anayeshika nafasi yake, na simu yake iondolewe kwenye orodha ya vifaa mbele yake, mkiwa mmekaa meza moja.