Kunakili Orodha ya Wapokeaji wa Barua Pepe katika Huduma za Afya

Anaposhukiwa mgonjwa wa kipindupindu huko Micheweni, taarifa yake huhitaji kuwafikia watu kadhaa kwa wakati mmoja: daktari dhamana wa wilaya, maofisa wa ufuatiliaji wa magonjwa, pengine wataalamu wa maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, na wenzao walioko Unguja. Kuandika anwani moja moja kila mara huchosha na huzaa makosa. Kwa sababu hiyo programu za barua pepe humruhusu mtumiaji kuunda orodha ya wapokeaji: huandika jina la orodha tu, na barua huwafikia wote.

Haja ya kunakili orodha hutokea pale kundi jipya linapofanana sana na la zamani. Chukulia ofisi yenye orodha ya watu 40 wanaopokea taarifa za kila wiki za wilaya nne za Pemba. Kampeni ya chanjo inapoandaliwa, 35 kati yao wanahitajika, pamoja na wasimamizi wachache wapya. Ni wepesi kunakili orodha iliyopo na kuirekebisha kuliko kuanza upya.

Katika toleo la zamani (classic) la Outlook ya kompyuta, mtumiaji hufungua sehemu ya anwani, hukibofya kikundi mara moja, hubonyeza Ctrl na C, kisha Ctrl na V. Programu ikiuliza kuhusu jina lililojirudia, chaguo sahihi ni kuongeza kipya. Hatua inayofuata ndiyo inayosahauliwa mno: kubadili jina la nakala papo hapo, kabla ya kumwongeza au kumwondoa mtu yeyote. Orodha mbili zenye majina yanayokaribiana hujitokeza pamoja mara tu herufi za mwanzo zinapoandikwa, na mtumishi mwenye haraka huchagua isiyo yake.

Gmail hufanya kazi kwa njia nyingine. Orodha zake ni lebo zinazobandikwa juu ya anwani. Kinachotakiwa ni kuwachagua wote walio chini ya lebo ya zamani na kuwabandika lebo mpya, pasipo kuondoa ile ya kwanza. Anwani yenyewe hubaki moja. Ikisahihishwa, husahihika chini ya lebo zote. Ikifutwa, hupotea kote. Kumwondoa mtu kwenye lebo na kumfuta kabisa ni mambo mawili tofauti.

Kwa upande wa Outlook, nakala haifuati asili yake. Ofisa akihamishwa kutoka Wete kwenda Unguja na kuondolewa katika orodha ya kwanza, ya pili huendelea kumpelekea taarifa za wagonjwa ambao hawahusu tena. Mrithi wake naye hapati kitu, wala hajui kwamba anakosa. Ikiwa tofauti ni ya watu watano tu, pengine heri kuacha kunakili: Outlook hukubali kikundi ndani ya kikundi, hivyo orodha ndogo ya nyongeza inaweza kubeba ndani yake ile kuu, ikibaki mahali pamoja pa kurekebishwa.

Orodha za wagonjwa zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani jina la mtu kuwamo tu laweza kufichua maradhi yake. Mwaka 2015 kliniki ya 56 Dean Street, London, ilituma jarida kwa wapokeaji wapatao 780, wengi wao wakiishi na VVU, huku anwani zote zikionekana kwa kila mmoja. Mwaka uliofuata taasisi inayoiendesha ilitozwa faini ya pauni 180,000. Anwani zilipaswa kuwekwa kwenye sehemu ya Bcc, inayowaficha wapokeaji wasionane. Kunakili orodha hakunakili tahadhari hiyo. Bcc huchaguliwa upya kila barua inapoandikwa.

Mgonjwa anayo haki ya kuuliza anwani yake imewekwa wapi na kuomba iondolewe, hasa ikiwa simu yake hutumiwa na wengine nyumbani. Ombi hilo halijatekelezwa mpaka jina litoke katika kila nakala. Kwa hiyo kliniki inayonakili orodha huandika mahali pamoja majina ya orodha zote, tarehe zilipoundwa na mtumishi anayezitunza. Mgonjwa anapopiga simu, mhudumu hufungua daftari hilo kwanza.