Saini Isomwe Mwisho: Mafunzo Niliyopata Kwenye Meza ya Fremu

Natengeneza fremu za picha kaskazini mwa California, mwendo mfupi kwa gari kutoka Santa Rosa, mji alikofanyia kazi Charles Schulz, baba wa Snoopy na Charlie Brown. Kwa sababu hiyo watu huniletea michoro yenye jina lake, na ya wachora katuni wengine, kisha huuliza swali moja: hii saini ni yake kweli? Hukumu ya mwisho ni ya wataalamu wa minada. Lakini anayefungua fremu ndiye anayeona mgongo wa karatasi, na meza hii imenifundisha mengi.

1. Anza na karatasi.

Katuni ya gazetini ilichorwa ili ipigwe chapa, kwa hiyo mchoro halisi hubeba alama za kazi: mistari hafifu ya penseli chini ya wino, mistari ya kuongozea maandishi, rangi nyeupe iliyofunika kosa, penseli ya bluu ambayo kamera ya kiwanda cha uchapaji haikuiona, tarehe ya kuchapishwa, na mara nyingi kibandiko cha kampuni iliyosambaza katuni hiyo magazetini. Kwa miongo mingi Schulz alichora katuni ya kila siku kwenye karatasi nene yenye urefu unaozidi sentimeta 60, kubwa mno kuliko ilivyoonekana gazetini. Nikiona "mchoro halisi" wenye ukubwa wa gazeti, usio na penseli wala kibandiko, nachukua kioo cha kukuzia. Mara nyingi wino unageuka kuwa vitone vidogo vilivyopangana, yaani ni chapa. Hapo saini iliyo ndani ya mchoro nayo ni chapa, hata ikipendeza vipi.

2. Mkono huzeeka, na saini huzeeka nao.

Hili ndilo funzo ninalolithamini kuliko yote. Mwaka 1981 Schulz alifanyiwa upasuaji wa moyo, na katika miaka iliyofuata mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Hakuajiri mtu wa kumchorea. Aliendelea na nibu yake ya chuma hadi katuni za Peanuts, mfululizo wake wenye Snoopy na Charlie Brown, zikafika 17,897, na ile ya mwisho ya Jumapili ilitoka tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya yeye kufariki. Mtetemo huo umo katika nyasi, katika mvua, katika masikio ya Snoopy, na umo katika jina lake. Kwa hiyo saini laini, ya haraka, yenye tarehe ya 1995, inanitia shaka. Yenye mtetemo chini ya mchoro wa 1958 inanitia shaka pia, isipokuwa kama aliiandika uzeeni.

Lakini mtu anayeghushi naye hutetemeka, na hapo ndipo pa kutazama kwa utulivu. Mwenye maradhi hutetemeka huku akisonga mbele, kwa kuwa jina ni lake na mkono unajua unakokwenda. Anayeghushi husimama katikati ya herufi, huinua kalamu, hutazama kielelezo, kisha huendelea. Chini ya kioo utaona matone ya wino mahali pasipo na sababu, na mgandamizo ule ule kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

3. Jina linaweza kuwa la mtu mmoja na mkono wa mwingine, bila mtu kudanganya.

Katuni ya gazetini ya Mickey Mouse ilianza Januari 1930. Mei mwaka huo Floyd Gottfredson aliipokea, akaichora hadi 1975. Kwa miongo mingi jina lililoonekana gazetini lilikuwa la Walt Disney peke yake. Isitoshe, studio ilikuwa na wachoraji walioruhusiwa kutia saini ya Disney kwa niaba yake, Hank Porter akiwa mmoja wao. Mteja mmoja alihuzunika nilipomweleza kwamba kalamu ya Disney haikugusa karatasi aliyorithi. Kisha akauliza, "Basi aliyechora ni nani?" Nilifurahi kulisikia swali hilo, maana ndilo linalompa mfanyakazi haki yake.

4. Kalamu ina umri.

Maka peni za Sharpie ziliingia sokoni mwaka 1964. Saini ya kalamu hiyo kwenye mchoro wa 1950 iliwekwa baadaye. Hilo haliifanyi ya uongo, kwani wachoraji wengi hutia saini kazi za zamani. Ila muuzaji akisema iliwekwa siku ile ile mchoro ulipokamilika, asiaminiwe.

5. Cheti nacho kikaguliwe.

Katika miaka ya 1990 FBI, kutoka San Diego, ilifuatilia mtandao wa watu walioghushi saini za wanamichezo na watu mashuhuri, na vyeti vya uhalisi vilikuwa sehemu ya udanganyifu huo. Kwa hiyo mimi huulizia barua iliyoambatana na mchoro, bahasha yenye muhuri wa posta, picha ya mchoraji akiukabidhi.

6. Maneno ya zawadi yasikatwe.

Schulz aligawa michoro mingi. Pembeni aliandika jina la anayepewa, maneno ya kumtakia heri, na jina lake kamili, mbali na lile fupi ndani ya kisanduku cha katuni. Kuna wauzaji wanaokata ukingo huo ili mchoro usionekane kuwa wa mtu fulani. Wanatupa ushahidi bora kuliko cheti chochote, na naona ni uharibifu usio na udhuru.

Nawageukia wasomaji wa kwetu Afrika Mashariki. Kama nyumbani mna mchoro wa Philip Ndunguru wa enzi za jarida la Sani, wa Edward Gitau aliyetupa katuni ya Juha Kalulu, au wa Gado, andikeni nyuma yake, kwa penseli laini, mliupata kwa nani na mwaka gani. Hifadhini na bahasha. Nanyi wachora katuni mlio hai, wekeni nyumbani saini chache zenye tarehe, kila baada ya miaka kadhaa, ili wajukuu wenu wawe na cha kulinganishia.